Figo ya Yaya Aziza

Ninyi watoto wa kine wa siku hizi mna bahati moja na hasara moja. Bahati ni kwamba simu zenu zinawaonyesha mshipa wa fahamu kwa rangi, ukitoka mgongoni na kushuka mpaka kidole gumba cha mguu. Hasara ni kwamba mkishauona kwenye simu, hamuoni tena sababu ya kumvua mgonjwa soksi. Mvueni soksi. Nimefanya kazi hii hapa Kindu tangu kabla ya vita mpaka magoti yangu yenyewe yakaomba kustaafu, na mengi niliyoyajua niliyakuta chini ya soksi.

Kine, kwa wale ambao wamekuja kusikiliza tu kwa sababu kuna chai, ni yule mtu wa mazoezi ya viungo hospitalini, anayeingia daktari akishatoka, anakuambia usimame wakati wewe unataka kulala. Hapendwi. Msiingie kazi hii mkitafuta kupendwa, nendeni mkauze maandazi.

Jambo ambalo shule haikuwafundisha ni hili. Mfupa ukivunjika, hakuna anayeuliza nani. Pikipiki ilionekana, shimo lilionekana, basi. Lakini mtu akiamka asubuhi mguu hauinuki, na hakuna jeraha, ndugu zake hawatafuti dawa kwanza. Wanatafuta mtu wa kulaumu. Na watampata, maana katika kila familia kuna mmoja aliyewahi kugombana na mgonjwa.

Hilo nilianza kulijua wakati wa vita, nikiwa msaidizi wa Papa Amuri, kine mkuu wetu, mzee mwembamba aliyetafuna tangawizi kutwa nzima. Mji ulikuwa umefungwa pande zote. Ndege zilitua zikipenda, treni ilikuwa imekufa, chumvi ilitufikia kwa baiskeli kutoka mbali sana. Asubuhi moja akaingia komanda na walinzi wake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea kwenye kifundo, kiganja kinaning'inia. Hakuweza hata kurudisha saluti, na nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Nimewekewa sumu," akasema. "Mupishi wangu njo aliniwekea. Anataka nisiweze kushika bunduki."

Mpishi mwenyewe walikuwa wamemleta, amefungwa kamba.

Papa Amuri akamwomba komanda anyooshe vidole. Havikunyooka. Akamgusa kwa sindano mgongo wa mkono, akanusa kidogo hewa iliyokuwa ikitoka kwa mkubwa huyo, akaelewa yote. Ilikuwa lutuku, pombe yetu ya mihogo na mahindi, tena ya jana.

"Mukubwa, jana ulilala wapi?"

"Kwa kiti."

"Na mukono?"

"Nyuma ya kiti. Ulikuwa unaning'inia."

Sasa ninyi mngemwambiaje mtu mwenye bunduki kwamba alilewa akalalia mkono wake mpaka mshipa ukazimika? Papa Amuri akainamisha kichwa kwa heshima.

"Mukubwa, kazi ya taifa imekuchosha. Ulilala kwa kiti, na kile kiti njo kilikukandamiza mushipa. Utapona, lakini polepole."

"Kiti?"

"Kiti."

Jioni tulisikia kwamba kiti kimechomwa moto mbele ya kikosi kizima. Mpishi akarudi jikoni. Papa Amuri akamtengenezea komanda gango la kushikilia kiganja: alikata bido la njano, lile dumu la plastiki la mafuta ya mawese, akalipasha moto juu ya makaa, akalikunja taratibu, akalifunga kwa mpira wa baiskeli. Wakati ule hatukuwa na kitu kingine. Mkono ulirudi wiki chache baadaye, na komanda akaamini mpaka mwisho kwamba ni kwa sababu kiti kilipata adhabu. Papa Amuri aliniambia, "Zaina, mushipa wa fahamu hausomi nyota za mabega. Unarudi siku unapotaka. Wewe kazi yako ni kuulinda mukono usiharibike, na kulinda wale wanaokaa karibu na mugonjwa."

Nilidhani sehemu ya pili ni utani wa mzee.

Sasa tuje huku kwenu, siku ambazo vita vimekwisha mjini na vimebaki kwenye redio na kwenye mapori ya watu wengine. Nilikuwa naelekea kustaafu. Kulikuwa na mfanyabiashara anaitwa Ramazani, aliyekuwa akinunua mpunga Kibombo na kuuleta mjini. Mtu mnene, mcheshi, mwenye shinikizo la damu ambalo alilificha kama watu wanavyoficha mke wa pili. Shinikizo likamla figo zote mbili. Kindu hakuna mashine ya kusafisha damu, hilo mnalijua. Akapelekwa India kupandikizwa figo ya mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa dada yake.

Yaya Aziza, maana huku kwetu dada mkubwa ndiye yaya, alikuwa wa tumbo moja naye. Analima mboga ng'ambo ya mto Lualaba, Alunguli: lengalenga, matembele, biringanya. Kabla ya hapo, yeye na Ramazani walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya kiwanja cha marehemu baba yao, ambacho Ramazani alijenga ghala juu yake bila kumuuliza mtu. Hata hivyo, madaktari walipopima ndugu wote na kusema figo ya Aziza ndiyo inayofaa, alifunga mlango wake akaenda. Watu walimuuliza kwa nini.

"Niko nayo mbili," akasema.

Waliporudi, mlikuwa wadogo lakini mnakumbuka. Fulana zenye picha ya Ramazani, kwaya, gari zenye honi kutoka uwanja wa ndege. Ramazani akashuka kwenye ngazi akipunga mkono kama waziri. Walishukuru Mungu, wakashukuru India, wakashukuru mheshimiwa fulani ambaye hakutoa hata nauli. Aziza alishuka mwisho, amebeba begi lake mwenyewe, mkono mmoja kwenye kidonda cha ubavuni. Alipewa soda.

Miezi kadhaa ikapita. Kisha mke wake Ramazani, Mama Salima, akaja kunifuata hospitali.

"Mama Zaina, muguu ya baba imekufa. Na inamuunguza."

Nilimkuta sebuleni, kwenye kiti kikubwa cha ngozi kilichokuwa bado na plastiki yake ya dukani. Mguu wa kushoto ulikuwa wazi mpaka paja, maana hakuvumilia nguo. Nikaona mstari wa malengelenge yaliyokauka, kutoka kwenye tako, ukizunguka upande wa nje wa goti, kushuka mpaka juu ya wayo. Upande mmoja tu, umenyooka kana kwamba mtu aliuchora. Juu yake walikuwa wamepaka dawa ya meno. Jirani mmoja alikuwa ameshauri maji ya betri, na namshukuru Mungu kwamba siku ile betri haikuwepo.

Nikamwambia ainue vidole vya mguu. Akakaza uso mpaka jasho likatoka. Vidole havikusogea. Nikamchoma kidogo na sindano, akasema anaisikia kwa mbali. Lakini nilipomgusa na kipande cha pamba, akapiga kelele. Kumbukeni hilo, wanangu: kama pamba inauma kuliko sindano, tatizo haliko kwenye nyama, liko kwenye mshipa wenyewe. Na msikande. Kila mtu Kindu anajua kukanda, na Ramazani alikuwa amekandwa na shemeji wote watatu.

Nilisema aitwe Dokta Kitenge, kijana wa hospitali yetu, mpole, anayesema polepole kana kwamba kila neno analitoa mfukoni. Lakini dokta alikuwa kwenye upasuaji, na kabla hajafika, mkutano wa familia ukaanza mbele yangu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Sefu, mjomba wao kutoka Tunda, aliyekuja na kofia yake nyeupe na thamosi ya mizizi iliyochemshwa. Aziza naye alikuwa ameitwa. Alikuwa amesimama karibu na mlango, miguu ina udongo wa bustani.

"Mimi sisemi mengi," akasema Mzee Sefu, kisha akasema mengi. Kwamba hawa wawili walikuwa na kesi ya kiwanja. Kwamba figo ni kiungo cha ndani, inabeba moyo wa mwenyewe. Kwamba figo iliyotolewa na kinyongo inaingia na kinyongo. "Ile figo iko na hasira ndani. Imeshuka kwa muguu. Kesho itapanda kwa kichwa. Nani hapa hajui?"

Hakuna aliyesema hajui. Mama Salima alitazama sakafu. Wote wakamtazama Ramazani, na Ramazani, aliyekuwa akiungua, akafumba macho na kunyamaza.

Aziza akasogea mbele mpaka kwenye kile kiti.

"Sawa," akasema. "Kama figo yangu njo inakuloga, unirudishie. Nitavuka nayo leo."

Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, ndani ya tumbo langu.

"Yaya, miye sikusema..." Ramazani akaanza.

"Haukusema. Uliacha waseme."

Akatoka. Tulimsikia akiita pikipiki barabarani. Mzee Sefu alisubiri sauti ya injini ipotee, kisha akatoa hukumu: kuanzia siku ile vidonge vya Wahindi, ambavyo kumbe mgonjwa alikuwa akivirukaruka kwa wiki mbili, visinywewe kabisa, maana ndivyo vinavyoilisha ile figo hasira, na mgonjwa anywe kutoka kwenye thamosi. Nilisema palepale kwamba vidonge vile haviachwi. Mzee aliniuliza kama mimi ni daktari. Nikasema hapana. Akauliza kama mimi ni wa ukoo. Nikasema hapana. Akanionyesha mlango kwa adabu kubwa.

Nilikwenda moja kwa moja kumsubiri Dokta Kitenge nje ya chumba cha upasuaji. Lakini alipotoka alikuta mama mwingine anavuja damu ya uzazi, na kulipokucha tu ndipo tukaenda pamoja. Tulikuta macho ya Ramazani yamevimba na vifundo vya miguu vimejaa maji. Dokta akabonyeza kwa kidole, pakabaki shimo. Akachukua damu, akaituma maabara kwa pikipiki, kisha akauliza kwa upole wake nani amemwambia mgonjwa aache vidonge. Familia nzima ikatazama juu, kwenye feni, ambayo haikuwa na umeme.

"Nitawaeleza," akasema dokta, "na kisha mutaamua kama munataka huyu papa aishi. Figo ya yaya yake ni mugeni ndani ya mwili. Mwili uko na walinzi, na walinzi hawajui undugu, wakiwa macho watamufukuza mugeni. Vile vidonge vinawalaza walinzi kidogo ili mugeni akae. Mukiacha vidonge, walinzi wanaamuka wanaua figo. Ile kuvimba munaona, njo wameanza."

"Na muguu?" akauliza Mama Salima.

"Muguu ni mwizi wa zamani. Walinzi wakilala, wezi wanatoka. Ile malengelenge inaitwa zona. Tanzania wanaiita mkanda wa jeshi."

Jina hilo halikuhitaji kuelezwa mara mbili katika mji wetu. Mikanda ya jeshi tuliijua kwa mgongo.

"Ni kirusi cha tetekuwanga," akaendelea dokta. "Vile vipele vya maji vya watoto. Mutoto anapona, lakini kirusi hakitoki. Kinalala kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, pale karibu na mugongo, hata miaka makumi. Sasa kimeamuka, kimeshuka na mushipa, kimechoma ngozi, na safari hii kimechoma hata ile mishipa inayoinua wayo. Nani hapa anakumbuka kama Papa Ramazani aliugua tetekuwanga utotoni?"

Mzee Sefu aliinua mkono. Ni mtu anayependa kukumbuka vitu kabla ya wengine.

"Miye. Alikuwa kwangu Tunda, wakati wa likizo. Watoto wangu wote walikuwa nayo. Nikamulaza nao chumba kimoja ili ipite mara moja, yaishe."

"Basi njo pale," akasema dokta.

"Pale nini?"

"Kirusi kiliingia pale, mzee. Kwa nyumba yako. Figo haikukileta."

Mnanijua, uso wangu hauwezi kuficha kicheko. Niligeuka nikajifanya napanga pamba kwenye mfuko. Mzee Sefu akavua kofia, akaitazama ndani kwa muda mrefu, akaivaa tena. Hakuna aliyeitisha mkutano wa kumhukumu yeye. Nilishangaa kidogo, maana ushahidi wake ulikuwa mzuri kuliko ule wa Aziza.

Dokta alizungumza kwa simu na wale waliompasua Ramazani kule India. Wao ndio walioamua vidonge gani virudi, kipi kipunguzwe kidogo, na dawa ya kuua kirusi apewe kiasi gani, maana dawa hiyo nayo ikizidi inaiumiza figo. Dawa ikaja na ndege kutoka Goma. Tulisubiri ile ndege kama wakati wa vita, kila mtu masikio juu. Figo ilikuwa imetikisika lakini haikufa. Maji ya vifundoni yakaondoka. Thamosi ilirudi Tunda ikiwa imejaa, na nilishauri mzee ainywe mwenyewe njiani, kwa kuwa alikuwa na figo zake mbili.

Sasa hapo ndipo kazi yetu ilipoanza, ile ambayo haina kwaya. Wayo wa Ramazani ulikuwa unaburuta. Gango la dukani lilikuwa linatoka Kinshasa, na mnajua vitu vinavyotoka Kinshasa. Nikakata bido. Ninyi mngecheka kuona tajiri ana kiatu kizuri na ndani yake bido la mafuta ya mawese, lakini wayo uliinuka. Nilimfundisha kuanza kwa kisigino. Nilimfundisha kuzoesha ngozi, kwanza kitambaa laini, kisha taulo, kisha suruali, kila siku kidogo, huku dawa ya maumivu ya mishipa ikifanya kazi yake ya pole. Alilalamika sana. Mguu ulikuwa unamuunguza hata upepo ukipita. Nilimwacha alalamike, lakini akiwa amesimama.

Kilichomsumbua zaidi hakikuwa mguu. Alikuwa ametuma watu Alunguli. Kwanza Mama Salima, na gunia la mchele. Gunia likarudi. Kisha shemeji, na mbuzi. Mbuzi akarudi, tena amenenepa, maana Aziza alimlisha vizuri akisubiri mtu wa kumchukua. Kisha akapiga simu, Aziza akapokea, akasikiliza, akasema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri.

Nilivuka mwenyewe kwenda kumuona, kwa sababu ya lile neno la Papa Amuri kuhusu wanaokaa karibu na mgonjwa, ambalo lilikuwa limeacha kuwa utani. Nilimkuta anapalilia. Alunguli nzima ilikuwa imesikia habari za figo yenye hasira, na kulikuwa na wateja ambao hawakununua tena mboga zake.

"Anataka kuomba musamaha," nikasema.

"Kwa mbuzi?"

"Muguu wake bado mugumu, mama."

"Mimi nilienda mpaka India na miguu yangu," akasema Aziza. "Yeye avuke Lualaba."

Nikarudi nikamwambia Ramazani kwamba nimempatia zoezi jipya.

Tulijiandaa kwa muda. Kushuka kingo za mto kwa mguu unaoburuta si jambo dogo: udongo unateleza, mtumbwi unacheza, na wayo usiosikia haujui umekanyaga nini. Siku yenyewe alikataa kubebwa, ingawa wapiga kasia wawili walijitolea. Alishuka akinishika bega. Mtumbwini alikaa ameshikilia kingo zote mbili, amefumba mdomo. Upande wa pili akapanda mwinuko akitumia kisigino kwanza, hivyohivyo nilivyomfundisha, na watu waliokuwa wakisubiri kuvuka wakasimama kumtazama. Tangu pale mpaka bustanini alitembea. Pikipiki zilimpigia honi, hakupanda.

Aziza alimuona toka mbali. Hakuacha kupalilia mpaka alipofika.

"Yaya," Ramazani akasema, huku anahema. "Nimekuja."

"Umekunywa vidonge vyako?"

"Bado. Saa yake ni sasa."

"Kunywa kwanza."

Akamletea maji kwenye kikombe. Ramazani akameza, na Aziza akamtazama kooni mpaka vyote vikapita. Kisha Ramazani akasema yale aliyokuja kusema. Alisema kwamba alijua si kweli hata siku ile, na kwamba alinyamaza kwa sababu ni rahisi kuungua ukiwa na mtu wa kulaumu. Alisema na habari ya kiwanja, ambayo hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alilia kidogo. Mimi nilitazama biringanya.

Aziza alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," akasema. "Rudi siku ya soko."

"Kwani haujanisamehe?"

"Musamaha wa kuombwa mara moja njo wa watu walio na figo zao mbili."

Siku ya soko akarudi. Akapewa jembe dogo na mstari wa lengalenga. Wiki iliyofuata pia. Wateja wa Aziza walianza kurudi, kwanza kwa kutaka kuona tajiri anapalilia, kisha kwa mboga. Na mguu, wanangu, ukaanza kupata nguvu ambayo sikuwahi kuipata kwa mazoezi ya hospitali, kwa sababu hakuna mgonjwa wangu aliyewahi kufanya mazoezi akiwa na hofu ya dada yake.

Nilipokaribia kuacha kazi, bido lilikuwa limetoka kiatuni. Bado anaungua wakati wa baridi, na bado anatupa wayo kidogo kwa nje akichoka. Mishipa mingine hurudi, mingine huacha pengo lake. Nilivuka kumuaga Aziza, nikamuuliza lini atamwambia ndugu yake kwamba yamekwisha.

Akamtazama Ramazani, aliyekuwa ameinama kule mwisho wa mstari.

"Siku ataacha kuchechemea."

Nikafungua mdomo nimweleze kwamba mguu ule hautaacha kuchechemea kabisa, maisha yake yote. Kisha nikamuona anavyotabasamu, nikaelewa kwamba Dokta Kitenge alishamwambia zamani. Nikafunga mdomo, nikanunua mafungu mawili ya matembele, nikaenda kutafuta mtumbwi.